Mechi za Mwaka Jana

Wewe uliyeambiwa wiki hii kwamba utakwenda kuchomwa shingo na mashine, sogea nikwambie. Kwanza meno. Watakutazama mdomo kabla ya lolote, na jino bovu wataling'oa, maana mashine ikishapita hapo kidonda cha jino hakifungi tena. Mimi walining'oa magego, nikatoka pale natema damu na kuongea kama mlevi wa komoni. Halafu nunua chupa ya maji unayoipenda, si yoyote tu, kwa sababu utatembea nayo maisha yako yote. Mate yakiondoka hayarudi, au yanarudi kidogo kwa kuringa. Na jambo jingine, ndugu zako watakudanganya. Watakudanganya kwa mapenzi, na wewe utawadanganya. Hilo ndilo limenifanya nikae niseme haya.

Kusoma sikusoma. Nasema tu, anayeandika ni Wambui, mama wa Nairobi, jirani yangu hapa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, Uchina. Mkikuta neno la Kinairobi humu, ni lake, mimi simo. Anakataa hapa, ananiita shosh, yaani bibi. "Shosh, naandika vile unasema, wacha kunisingizia!" Haya, mmemsikia.

Mimi ni mama yake Elia, mtu wa Tukuyu. Guangzhou nilikuja kufuata suruali za jinzi za Xintang, enzi hizo magoti yangu yanapanda ngazi za viwanda bila kunung'unika. Kichina changu nimekipata kwa kuiga. Naiga mtu yeyote. Nikimwiga laobani wa dukani, yule bosi anayepiga kikokotoo chake huku anaugua kama anazaa, "Aaiyaa, mama, hakuna faida, hakuna!", Wachina wenzake wanashika mbavu na bei inashuka. Elia, mwanangu wa pekee, alinifuata baadaye, akaingia kazi ya kusafirisha mizigo ya watu. Kila siku yuko bandarini Nansha na makontena yake. Mke wake waliachana, mama wa watu akaenda zake Amerika, na mtoto wao, Lusajo, akabaki kwangu mpaka alipoanza kuota ndevu za kuhesabika. Ndipo mama yake akamchukua.

Lusajo ni mume wangu. Kwetu bibi na mjukuu ndivyo tunavyoitana. Alikuwa mume mzuri, ila alikuwa hatulii. Korido ya ghorofa letu ilikuwa uwanja wake. Nilikuwa nakunja soksi donge, narusha, yeye na mtoto wa jirani Mchina wanakimbilia. Yule wa jirani alikuwa mrefu kuliko yeye, lakini hakuwahi kulipata hilo donge. Mume wangu anamganda, anamwacha aruke, halafu mkono unatokea sijui wapi, soksi imekwenda.

Huko Amerika wakamtia kwenye mpira wao. Si huu wa miguu tunaoujua. Wanavaa makofia magumu kama mafundi wa mnara, mpira wenyewe una ncha huku na huku, na wanaushika kwa mikono. Lusajo akawa beki wa nyuma. Nitawaeleza kazi hiyo kama alivyonieleza mimi. Kuna jamaa wa upande wa pili anakimbia kwenda kupokea mpira. Beki anamfuata. Akikata kushoto yupo naye, akisimama yupo naye. Umewahi kushuka Sanyuanli na mkoba mpya, madalali wakakuona? "Rafiki, jinzi? Rafiki, viatu? Rafiki, simu?" Ukiingia chooni anakungoja mlangoni. Basi ndiyo hiyo. Mpira ukirushwa, beki anaruka na kuupokonya hewani. Chuo kikuu kikubwa kikamchukua asome bure na kula bure kwa ajili ya miguu yake.

Mwaka wa kwanza alikaa benchi, nikawa nauliza hii shule ni ya kukaa tu? Mwaka wa pili wakampa nafasi. Jamani! Mechi zao ni Jumamosi jioni, kwetu huku ni Jumapili asubuhi, saa za ibada. Nilikuwa nakaa nyuma kabisa kanisani, simu chini ya kitenge, sauti sikioni. Pastor anasema, "Tuinamishe vichwa," mimi nilikuwa nimeshainama zamani. Siku moja wamebanwa kona mbaya, wenzao wanakaribia kushinda, mpira ukarushwa mrefu, na mume wangu akatokea kama alivyokuwa akitokea koridoni. Akauchukua. Akakimbia nao uwanja wote, peke yake, hakuna aliyemgusa. Mtangazaji alikuwa na mafua siku hiyo. Akapiga kelele, "Luuu-SEI-joooo, khe! khe! khe! Luuu-SEI-jo!" na mwenzake pembeni anamcheka, "hi hi hi," kama fisi aliyeshiba. Mimi nikasimama katikati ya maombi nikapiga vigelegele. Pastor akadhani nimepokea kitu.

Kikohozi kile nilikiiga mwaka mzima. Sokoni, kwa Wambui, Xintang kwenye viwanda. Wachina wasiojua hata Amerika iko wapi walikuwa wananiomba, "Mama, fanya ile ya khe khe." Na Elia akaniambia msimu mmoja tu umebaki. Akicheza huu unaokuja kama ule uliopita, majira ya kuchipua watakuja watu wa timu za kulipwa kuchagua vijana, na Lusajo hawezi kuachwa.

Kiangazi hicho ndicho sikio langu likaziba.

Nikasema ni kiyoyozi. Nikasema ni uzee. Asubuhi nikipenga kamasi kuna uzi wa damu, nikasema ni hewa ya viwanda. Halafu kikatokea kitu chini ya taya, kigumu kama kokwa la zambarau, hakiumi hata ukikibonyeza. Wambui akakishika, akaacha kucheka. "Shosh, hii si ya kucheka nayo. Twende hosi."

Hospitali ya huku ni soko. Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, kila mmoja ameshika bahasha yake kubwa ya picha, na juu ukutani kuna mwanamke wa ndani ya spika anaita majina. Langu alilivunjavunja mpaka nikakaa tu, nikidhani anaita mtu mwingine. Daktari alikuwa mama mwembamba mwenye miwani. Alizitazama picha zangu, akamtazama Elia, mimi hakunitazama. "Familia ni nani?" Elia akasema ni yeye. Daktari akamchukua nje. Huku mgonjwa haambiwi. Wanaambiwa watu wake, wao ndio waamue kama atajua au hatajua. Nikabaki kwenye kiti naitazama miguu yangu, naona viatu vya Elia chini ya mlango. Vilikuwa havitembei.

Akarudi. Elia ana sauti ya ngoma, nene, nzito, na akidanganya inakuwa nzito zaidi. "Mama. Ni uvimbe tu. Wanasema watauchoma kwa taa."

"Elia."

"Naam."

"Nimekuzaa mimi. Ukidanganya unatoka jasho puani."

Akapangusa pua kwa mkono. "Ni kansa, Mama. Ya nyuma ya pua. Wanasema watu wa huku wanaipata sana, wanaijua kuitibu."

"Haya. Asante kwa kuniambia. Usinidanganye tena."

Nikawaza usiku huo wote, asubuhi nikamwita. Nikamwambia nitakwenda kwenye mashine yao, ingawa kwa mwili wangu ningeweza kusema basi, nimeishi, nirudisheni Tukuyu nikafie kwetu. Lakini nataka kufika hiyo miezi ya kuchipua, nimwone Lusajo anachukuliwa. Hicho tu. Na yeye asiambiwe neno. Kichwa chake kikae kwenye mpira. "Mwambie Bibi amekwenda Tukuyu kuangalia shamba, mtandao hakuna."

"Ataniuliza kila siku, Mama."

"Mjibu kila siku."

Nikaanza mwishoni mwa joto, wakati huo huo msimu wa mpira unafunguliwa kwao. Kwanza wanakutengenezea barakoa. Wanachovya wavu wa plastiki kwenye maji ya moto, wanakufunika nao uso mpaka mabegani ungali laini, unashika umbo lako, ukipoa ni gamba. Kila siku unalazwa chali, wanalifunga lile gamba kwenye kitanda kwa vifungo, tak, tak, tak, na huwezi hata kumeza vizuri. Wote wanatoka nje wanafunga mlango mzito, unabaki wewe na baridi. Inakuja sauti ya kijana kwenye spika, "Bu yao dong." Usitikisike. Mimi mtu wa kucheka, nikalazimika kulala kama maiti inayopimwa jeneza. Siku za mwanzo nilimwiga yule kijana moyoni ili nisilie. Vaa soksi nzito. Kuna binti mmoja pale alikuwa ananifunika miguu kwa blanketi bila kuambiwa. Jina lake sikulijua, Mungu analijua.

Jumatatu mpaka Ijumaa mashine, na kila baada ya wiki kadhaa sindano za dripu za kutapisha. Jumamosi na Jumapili wanakuacha upumue. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu. Elia ananiletea simu kitandani, ameshaiweka tayari, namtazama mume wangu, ingawa kwa macho yangu mechi zao zote zinafanana. Kuzungumza naye hatukuzungumza. Elia alisema kocha mwaka huu mkali, amewanyang'anya vijana simu mpaka msimu uishe. Nikasema vizuri, kocha ana akili. Na mimi sikutaka anisikie sauti.

Kwenye chumba cha kungojea nilipata rafiki. Mama wa Kichina, mtu wa Shaoguan, mnene wa mashavu, tulimwita Ayi, yaani shangazi. Kila siku analeta chupa ya maji ya miwa yaliyochemshwa na karoti, ananimiminia kwenye kifuniko. "Kunywa, kunywa, inapoza koo." Anaongea kama redio. Na alikuwa hajui anaumwa nini! Watoto wake walimwambia ni pua tu imevimba ndani, inachomwa kidogo. Sote mle shingo zimeiva nyeusi, nywele za kisogoni zimenyonyoka, na yeye anatuonea huruma, "Pole wee, kumbe wewe ni ule mbaya? Mimi langu la pua tu."

Nikirudi nyumbani namwiga kwa Elia. "Mimi la pua tu! Mtu mzima, Elia, anadanganywa mchana kweupe, ndani ya chumba kile! Hana macho?" Nilicheka mpaka koo likauma.

Elia hakucheka. Alikuwa anautazama wali wake.

Maonyesho ya biashara ya Pazhou ya vuli yakafika, mji ukajaa wageni. Elia wateja wake wamekuja toka Dar, toka Makambako, wanataka kupelekwa viwandani, huku mimi nataka kupelekwa hospitali. Alikuwa analala amekaa. Na mimi nilikuwa nimeharibika. Mdomo ndani ulikuwa donda tupu. Chakula chote kina ladha ya sarafu. Mate yalikuwa gundi, unayavuta kwa kidole. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi, ikachanika, ikawa inaganda kwenye kitenge. Nilipungua mpaka gauni la kanisani likawa linazunguka lenyewe. Mchana mmoja Elia amenipikia uji wa mchele na samaki, ameupooza, ameuchuja, ameninyooshea kijiko, nikautema juu ya shati lake. Akapiga kelele, "Kula, Mama! Kula, basi!" Nikamwambia toka. Akatoka. Nikasikia bomba bafuni limefunguliwa muda mrefu sana, na yeye alikuwa haogi.

Sauti ilikwenda kidogo kidogo. Kwanza zikaondoka zile nyembamba nilizokuwa naiga, za watoto, ya Wambui. Halafu ya Pastor. Siku moja nikataka kumwiga daktari wa miwani, kikatoka kitu kama mlango wa kabati. Wambui akageukia ukutani. Nikajua kwamba hata yangu imekwenda.

Ayi akaanza kuchoka. Analeta chupa, hanywi yeye. Siku hiyo binti yake alikuwa amekwenda kupanga foleni ya dawa, tumebaki wawili. Akanisogelea, akasema polepole Kichina cha kunirahisishia mimi. "Rafiki. Wanangu wanadhani sijui."

Nikamtazama.

"Mlango ule umeandikwa kansa, mimi kusoma najua. Siku ya kwanza tu nilisoma. Usiwaambie. Wamejitahidi sana, watahuzunika." Akanipigapiga mkono, akafungua chupa. Binti aliporudi tu akapandisha sauti ile ile ya redio, "Haya, pua yangu leo iko vizuri!"

Wiki iliyofuata hakuja. Baadaye binti akaja peke yake, akaniletea ile chupa, imeoshwa, akainama, akaondoka haraka. Sikumwambia kitu. Mama yake aliniomba nisiwaambie.

Kiti chake akakaa mzee mmoja asiyeongea.

Sasa Jumapili yenyewe. Baridi ya Guangzhou imeingia, ile ya majimaji inayopita kwenye ukuta, nimejifunika mablanketi yote. Elia ameleta simu, ameiweka juu ya mto, sauti chini kabisa kama ilivyokuwa siku zote hizo. Alikuwa anasema sauti kubwa itaniumiza sikio. Akaenda jikoni. Nikaona vijana wanakimbia, makofia yale yale, mume wangu na namba yake nane mgongoni. Namba nazijua, mimi ni mfanyabiashara. Nikamtazama anavyomganda mtu. Mpira ukarushwa mrefu. Nikaichukua simu nikaibandika kwenye sikio langu zima, nimsikie mtangazaji akilitaja jina lake, ndiyo raha pekee iliyokuwa imenibakia.

"Luuu-SEI-joooo, khe! khe! khe!"

Na yule mwingine, "hi hi hi."

Nikaitoa simu sikioni. Nikairudisha. Mtu anaweza kuvaa namba ile ile mwaka hadi mwaka. Mafua nayo yanarudi. Lakini kikohozi kile nimekibeba mdomoni mwaka mzima, najua kinapandia wapi na kinashukia wapi, kama ninavyomjua Elia akipiga chafya chumba cha pili. Hiyo ilikuwa mechi ya mwaka jana.

Sikuwa na sauti ya kuita. Nikachukua kijiko nikagonga kitanda.

Elia akaja na kitambaa cha vyombo begani. Nikamwonyesha simu. Nikanong'ona, "Hii ya lini?"

"Ya leo, Mama."

"Pua, Elia."

Akashika pua. Halafu akaketi chini, sakafuni, mwanaume mzima wa kilo zile, mgongo kwenye kabati. Akasema ni zote. Jumapili zote zile. Alikuwa ananiwekea mechi za mwaka jana, moja moja, ile ya kikohozi akiiruka, na sasa zimekwisha, imebaki hiyo tu, akadhani sauti ikiwa chini sitasikia.

"Lusajo yuko wapi?"

Mechi ya kwanza kabisa ya msimu, wiki ile ile mimi napimwa barakoa, jamaa mmoja mkubwa alitoka na mpira mbio. Lusajo akainama kumzuia, akaingiza kichwa. Akabaki chini. Uwanja wote ukanyamaza. Walimtoa amefungwa kwenye ubao. Wamempasua shingo, wameweka vyuma. Anatembea, Mungu mkubwa, anatembea. Lakini madaktari wamesema mpira basi.

Hajacheza tena mpaka leo ninavyosema. Nawaambia mapema, msikae mkangojea muujiza. Chuo hakikumfukuza, anasoma. Mpira ukionyeshwa kwenye runinga anatoka chumbani.

"Nilikuambia nini siku ile?" nikamuuliza Elia. Maneno yalikuwa yanakwaruza yakitoka. "Nilikuambia usinidanganye tena."

"Ulisema hivyo. Halafu ukasema Lusajo asiambiwe, nimwambie uko Tukuyu." Akawa analia bila kujificha sasa. "Na yeye toka kitandani pale, hajui hata kama miguu itarudi, neno la kwanza akasema, 'Baba, Bibi asiambiwe, presha itampanda.' Wewe unasema asiambiwe. Yeye anasema asiambiwe. Mimi niko katikati, Mama, na makontena. Kila mtu ananiuliza mwenzake hajambo. Nifanyeje?"

Nilimwangalia akijipangusa kwa kitambaa cha vyombo. Hata shati alilovaa lilikuwa lile nililolitemea uji, doa halikutoka. Miezi yote hiyo nilidhani anachoka kwa ajili yangu mimi.

Lakini hasira haikuisha, na uchungu ulikuwa mkubwa kuliko hasira. Nikamwambia, "Basi. Kesho siendi."

"Mama..."

"Nilikuwa nakwenda kwa ajili gani? Niambie wewe. Siendi. Nikatie tiketi."

Zilikuwa zimebaki siku chache tu za mashine. Daktari alikuwa ameshatuonya kwamba ukiachia njiani ni kama umeuacha moto chini ya majani. Elia alilijua hilo na mimi nililijua. Hakubishana. Aliinuka, akachukua simu, akabonyeza, akainyoosha mbele yangu, nikaipokea.

"Nawe mwambie mwenyewe," akasema. "Mimi nimechoka kusema."

Kwao ilikuwa jioni. Simu ikaita, ikaita, halafu picha ikatokea. Mume wangu amelala kwenye kochi la mama yake, shingo imefungwa kola kubwa nyeupe mpaka kwenye kidevu, ndevu zimeota ovyo. Mabega yale yaliyokuwa yanajaza mlango yamekonda. Na yeye akaniona mimi. Kichwa kipara nusu, shingo nyeusi inachubuka, mashavu yameingia ndani, alama za wavu usoni kama nimelalia mkeka.

Nikavuta blanketi kufunika shingo, nimechelewa.

"Bibi," akasema. "Huko Tukuyu wamekuchoma?"

"Na wewe," nikamnong'onezea, "kocha amekunyang'anya simu, akakupa hilo sufuria uvae?"

Akacheka, akashika kola kwa mikono miwili maana kucheka kulimuuma. Mimi nikacheka, nikashika koo. Elia alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

Kicheko kikaisha. Lusajo akatazama juu, darini, kwa sababu shingo haikumruhusu kutazama pembeni. Machozi yakamtiririkia masikioni, mikono imebaki kwenye kola, hayafuti.

"Bibi, sitacheza tena."

Maisha yangu yote, jambo likiwa zito, naazima sauti ya mtu. Msibani nimemwiga marehemu watu wakacheka. Siku Elia anaachana na mkewe nilimwiga hakimu. Hapo nikatafuta, sikupata sauti hata moja ya kuazima. Ilibaki ile yangu tu, kama mlango wa kabati.

"Najua," nikasema. "Umekula?"

"Sitaki."

"Sikuuliza unataka. Umekula?"

"Mama ameniachia supu hapa. Tangu mchana."

"Kunywa nikuone."

Akapapasa pembeni, akalivuta bakuli la plastiki lenye mrija, akaliweka kifuani. Akatia mrija mdomoni, hakuvuta. "Na wewe, Bibi? Umekula?"

Nyuma yangu nikasikia Elia ameondoka, nikasikia kijiko jikoni, akarudi na ule uji wa mchele, vuguvugu. Hakunilisha. Akauweka tu mapajani mwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda ameishika simu ili sisi wawili tuonane.

Nikatia kijiko cha kwanza. Ilikuwa kumeza vigae. Lusajo akanitazama ninavyokunja uso, akavuta mrija. Nikatia kingine. Tulikwenda hivyo. Ya kwake ilikuwa imepoa, iliganda mafuta juu, niliona. Kwangu ilitoka damu kidogo kwenye kijiko, naye aliona. Hakuna aliyemficha mwenzake.

"Hiyo mashine," akasema baadaye. "Baba anasema wanakufunga kichwa usitikisike."

Kumbe Elia, alipokwenda jikoni kuchukua uji, alimwandikia yote kwa simu nyingine. "Wanafunga."

"Mimi pia walinifunga, Bibi. Kwenye ubao. Nilikuwa nasikia watu elfu na elfu wamenyamaza." Akaigusa kola. "Inaogopesha."

"Inaogopesha sana."

"Kesho unakwenda?"

Elia mkono wake ukasimama, simu haikutikisika. Hakunitazama. Aliutazama ukuta, kama anavyoutazama mtu anayesubiri kuitwa jina lake kwenye spika.

Nikamtazama mume wangu na lile sufuria lake shingoni. Hakuna timu itakayokuja kumchukua. Hakuna mechi Jumapili ijayo.

"Nakwenda," nikasema. "Maliza supu."